Msoma Kipimo wa Mto Kilasi

Kwa miaka kumi na mmoja Damari alishuka mtoni mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, kusoma kipimo. Kilikuwa ubao wa chuma uliopakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba nyeusi, ukasimikwa jiweni kando ya Mto Kilasi, pale mto unapotoka kwenye mianzi ya mlima Rungwe na kuanza kuporomoka kwa ngazi za mawe. Bwana mmoja wa idara ya maji alikuja kutoka Mbeya mwaka wa sitini na tano akitafuta mtu anayejua kusoma na asiyehamahama. Wanaume wengi walikuwa wameondoka kutafuta kazi. Mume wa Damari alikuwa Makongolosi kwenye dhahabu, na barua zake zilikuwa zimekoma. Damari alikuwa na darasa la nne la wamisionari, na binti mdogo, Lusia, wa kulisha. Kazi ikawa yake.

Mwanzoni aliuogopa mto. Halafu akauzoea, na hatimaye akawa anafika kabla ya saa yake ili apate kukaa tu. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni hadi miti ya ng'ambo ikapotea, akabaki na sauti ya maji na jiwe alilokalia. Akiyatazama maji kwa muda mrefu kisha akainua macho, kingo zote zilionekana kupanda mlima polepole, na migomba na mawe yake, na yeye mwenyewe akipanda nazo. Hakumwambia mtu. Aligundua pia kitu ambacho hakufundishwa na yeyote: maji hayatulii mahali pamoja hata dakika moja. Hupanda vidole viwili kwenye ubao, hushuka, hupanda tena, kama kifua cha mtu aliyelala usingizi. Alipomuuliza bwana wa idara aandike namba ipi, akaambiwa aandike ya katikati.

Mwaka wa sabini na sita, mwezi wa tano, mvua zikielekea kukatika, walikuja watu wawili na Landrova yenye mitumbwi miwili myembamba juu yake, mmoja mwekundu na mmoja wa njano. Mmoja alikuwa mzungu aliyefundisha useremala Iringa, ambaye wanafunzi wake walimwita Andrea. Mwingine alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, Ezekia, kijana wa Kilolo, mrefu, mpole wa maneno. Mitumbwi hiyo waliita kayaki. Walikuwa wameitengeneza wenyewe karakanani, wakajifunzia kwenye Ruaha Mdogo, na sasa walitaka kuteremka Kilasi. Mjini waliambiwa kwamba mtu anayeujua mto huo ni mama anayesoma kipimo.

Damari aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawachukua kwa miguu kando ya mto, mchana kutwa. Aliwaonyesha Sufuria, maporomoko mafupi ambayo chini yake maji hujigeuza na kurudi nyuma. Gogo lililoangukia hapo mwaka uliopita lilizunguka siku tatu bila kutoka. Akawaonyesha jabali ambalo mto huingia chini yake na kutokea hatua arobaini mbele. Mbuzi wa jirani aliingia pale, wakangoja upande wa pili, hakutokea. Mwisho akawaonyesha mti mkubwa ulioangushwa na upepo Jumamosi iliyotangulia, umelala toka ukingo hadi katikati ya mto, nyuma ya kona. Maji yalipita kwenye matawi yake kama chai kwenye chujio.

Andrea alikaa mbele ya ule mti muda mrefu. Wakakubaliana kwamba Sufuria na jabali watayapita nchi kavu, mitumbwi begani. Pale kwenye mti upande wa kushoto ulikuwa na nafasi, wangepita majini. Lakini Andrea alitaka mtu asimame hapo na kamba. Akamfundisha Damari kuirusha, na Damari akamwita shemeji yake, Filemoni, aje na panga.

Siku ya pili kipimo kilisoma sentimita sabini na mbili. Ilikuwa siku ya mawingu ya chini, na juu mlimani palikuwa peusi. Damari alisimama kwenye mti, kamba mkononi, Filemoni ameizungusha ncha ya pili kwenye shina la mkuyu. Walingoja. Kisha kwenye kona ikatokea kayaki nyekundu, nyepesi, haina sauti yoyote, ikainama kushoto na kupita na kwenda zake. Damari alisema baadaye kwamba alisahau kuwa ndani yake kuna mtu.

Ya njano ilikuja mshazari. Iligonga jiwe ambalo maji yalilificha, ikageuka ubavu, na mto ukaibeba hivyo hivyo hadi kwenye mti. Ezekia alikumbatia tawi. Kichwa na mabega vilikuwa juu, lakini pua ya kayaki ilikuwa imezama chini ya gogo na maji yalikuwa yanaikunja taratibu, na mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa ndani. Andrea alikuwa mbali chini, akipiga filimbi, akihangaika kupanda mawe.

Damari alirusha kamba. Mara ya kwanza ilipita mbali. Mara ya pili Ezekia aliidaka, akaipitisha chini ya kwapa na kuifunga kama alivyofundishwa. Hapo ndipo Damari alipoona majani makavu ya mianzi yakipita juu ya maji, na povu la rangi ya udongo. Alijua maana yake. Mvua ilikuwa imeshanyesha juu, na maji yake yalikuwa njiani.

Ezekia alikuwa anajivuta kwa nguvu zake zote, na kila alipojivuta mto ulimrudisha. Damari akasogea hadi maji yakamfika magotini.

"Ezekia, mwanangu," akasema, si kwa kelele. "Acha kwanza. Maji haya yanapumua. Yakishuka nitakuambia, ndipo ujivute. Usijivute kabla."

"Mama, naishiwa nguvu."

"Zitunze. Nisikilize mimi, usiusikilize mto."

Akakaza macho kwenye fundo la gome la mti. Maji yalipanda, yakalifunika. Yakakaa. Yakaanza kushuka, na fundo likatokea, likang'aa. Akasema sasa. Ezekia alijivuta, Filemoni akavuta, na mguu ukasogea ila haukutoka. Damari akamtuliza tena. Alikuwa mtulivu kwa namna ambayo Filemoni hakuielewa, kana kwamba alikuwa amekaa kwenye jiwe lake asubuhi. Fundo likazama, likakaa chini muda mrefu kuliko mara ya kwanza, likatokea nusu tu. Akasema sasa.

Mguu ulitoka. Kamba ilimzungusha Ezekia, kichwa kikizama, hadi ukingoni, bega lake la kushoto likatenguka kwa mvuto huo, na Damari akamshika kola ya jaketi. Kayaki ya njano ilikunjika katikati, ikaingia chini ya gogo, haikuonekana tena. Kabla hawajamfikisha kijana kwenye nyasi, mti wote ulikuwa umefunikwa.

Mganga wa zahanati alilirudisha bega. Barabara ya mjini ilikuwa tope tupu, kwa hiyo Ezekia alikaa kwa Damari siku nne, akila ndizi na maziwa ya mgando. Siku ya tatu alimweleza kwamba alipozamishwa kidogo aliona mwanga wa kijani na kimya kikubwa, na shamba la mama yake lenye pareto zilizochanua, na kwamba pale hakuogopa kabisa. Woga ulimjia baadaye, kitandani kwa Damari, akiwa mkavu. Damari alimwongezea maziwa.

Kiangazi walirudi wote wawili na kayaki nyekundu, mto ukiwa mwembamba na safi. Andrea alimuuliza Damari kama angependa kukaa ndani. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Alikikunja kitenge, akaingia, wakaishika kayaki kwenye dimbwi tulivu chini ya daraja la miti, kisha akawaambia waiachie. Alielea. Maji yalimwinua vidole viwili, yakamshusha, akayasikia kiunoni na mgongoni. Alikaa hivyo, mikono juu ya magoti, hadi Ezekia akadhani amesinzia.

Ezekia hakuteremka tena mto wowote wa milimani. Alifungua karakana yake Kilolo, akitengeneza milango na vitanda, na mwaka uliofuata akaoa. Alituma nauli na barua. Damari alipanda basi hadi Iringa, safari yake ya kwanza nje ya Mbeya, kisha lori hadi Kilolo kwenye baridi kali. Wakamkalisha upande wa mama wa bwana harusi. Severina, mama yake Ezekia, aliongea Kihehe zaidi kuliko Kiswahili, na Damari Kinyakyusa, kwa hiyo hawakusema mengi. Severina alimshika mkono wakati wa ibada, akaendelea kuushika wakati wa chakula, kila mmoja akila kwa mkono mmoja.