Kampuni Ilifuata Maji Marefu

Siku niliyomwomba mama anipe nyumba yake naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa kijana, karani wa kampuni moja ya Ulaya iliyofungua tawi hapa Mji wa Kale, Mombasa, kununua ngozi na pembe. Kanzu yangu haikukosa pasi, na nilijiona mtu kwelikweli.

Nyumba ilikuwa ya mama. Baba yake alimjengea alipoolewa, kama ilivyokuwa desturi yetu. Lakini ilikuwa hatua chache tu kutoka forodhani, na kampuni ilitaka ghala. Nikamwambia mama tubomoe kuta za ndani, yeye ahamie mtaa wa Bondeni kwa muda, na biashara ikikua nitamjengea ghorofa. Alisimama akiushika ukuta wa chumba chake.

"Humu ndimo nilimokuzalia," akasema, "na humu ndimo nitakamo nioshewe nikifa. Lakini sina mwana ila wewe. Ukiona yafaa, fanya."

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa msimamizi wa mahamali bandarini. Aliposikia alinifuata hadi barazani.

"Wajua kwamba Wazungu wapima kina cha maji kule Kilindini, upande wa pili wa kisiwa? Meli kubwa haziingii huku kwetu kwa raha, na reli yaanzia kule. Hawa hawatakaa."

Nilicheka. "Mjomba, Bwana wa kampuni hunywa kahawa yetu kila alasiri. Hata matangani kwa jirani alikuja. Yule ni mwenzetu sasa."

"Hebu fumbua mato! Anywaye kahawa ni yeye, si kampuni."

Nikaona ni wivu wa wazee. Ndivyo tulivyo, wallahi: mtu akikaa nasi barazani, akala wali wa matanga, tushamfanya ndugu, tushasahau kuuliza kilichomleta.

Kuta zikabomolewa, ngozi zilizotiwa chumvi zikapangwa hadi darini. Miaka michache nilitembea kifua mbele. Kisha reli ikafika bara, na ngozi zikaanza kushuka kwa mabehewa moja kwa moja hadi Kilindini. Kampuni ikakua kuliko nilivyoota, ikafungua vituo mpaka kando ya ziwa, ila haikukulia kwetu. Asubuhi moja ikaja barua kutoka Ulaya, kwa watu waliokuwa wakiijua Mombasa kwenye ramani tu: tawi lihamie Kilindini. Bwana alinishika mkono, akanishukuru, na nadhani alisikitika kwa kweli. Asubuhi ile ile vitu vyake vikapakiwa kwenye toroli, akahama.

Nilitaka kumrudisha mama. Haikuwezekana. Chumvi ilikuwa imeingia ndani ya mawe, kila tukipaka chokaa inadondoka, na harufu haivumiliki. Mama alikuja mara moja tu. Alisimama palipokuwa chumba chake, akasema, "Basi, mwanangu, twende zetu." Hakunilaumu hata siku moja, na laiti angenitukana. Alifia Bondeni, akaoshewa katika chumba cha kupanga, huku wenye nyumba wakituhimiza tumalize mapema. Nililia mbele za watu, mwanamume mwenye ndevu, na mpaka leo sijajisamehe.

Sikukatazi kufanya kazi na makampuni ya wageni, mwanangu. Riziki ipo. Lakini tawi likifunguliwa mjini kwenu, uliza limefuata nini: kina cha maji, njia ya kwenda bara, mali inayotoka huko, au amri za serikali. Jambo hilo likihamia kwingine, tawi nalo litahama, hata kama bwana wake ni mtu mwema kama yule. Wape kazi yako, wauzie bidhaa, wapangishe kiwanja ulicho nacho cha ziada. Chumba cha mzazi wako usikiguse, hata akikuruhusu. Hasa akikuruhusu, kwa sababu mama hawezi kukunyima.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali na moyo wa kusikiliza. Na mama yako amjaalie aishi nyumbani kwake, na siku yake ikifika atoke mlangoni kwake mwenyewe. Amin.