Kidonge Kisichomezwa

Wakati wa vita, hapa mjini Baraka, dawa tulizinunua moja moja. Nani angeweza kununua pakiti nzima? Siku moja mama mmoja aliingia duka la dawa nilimokuwa, akihema, akauziwa vidonge viwili vya pumu, vyenye unga ndani.

"Meza na mayi ya moto, mama," muuzaji akamwambia.

Akameza palepale, mkono kifuani. "Iko nashuka," akasema, akisikia dawa ikiteremka, akamshukuru.

Pakiti ilibaki wazi mbele yangu. Nikasoma karatasi yake ya Kifaransa: kidonge hakimezwi. Unga wake huvutwa hadi mapafuni kwa kifaa kidogo, nacho kilikuwa ndani ya pakiti ile ile, hakijaguswa. Nikanyamaza, nisimwaibishe muuzaji mbele ya watu. Mama akaondoka, akisimama kila hatua tatu.

Watu husema nina adabu. Ni kweli: siku ile nililinda heshima ya yule aliyekuwa anapumua vizuri.