Begi Lililopimwa na Paka

Juzi, katika duka la mabegi hapa Garsen, mama mmoja alitaka begi la kupanda nalo ndege Malindi, aende Nairobi kumwona bintiye aliyejifungua. Muuzaji akalipigapiga moja. "Hili ni jepesi, mama, na halipitishi maji wala vumbi."

"Na harufu? Nisije nikaaibika ndani ya ndege."

"Hata harufu!"

Mama akatoa kambare mkavu kikapuni, akamtia begini, akafunga zipu.

"Mama! Begi langu jipya!"

"Si umesema halipitishi? Haya, nusa."

Muuzaji akainama, akanusa. "Mimi sisikii kitu." Akatutazama sisi wateja kwa macho ya kuomba, nasi kwa kumwonea huruma tukasema hatusikii.

Hapo paka wa duka akashuka rafuni, akayapita mabegi yote kimya kimya, akajilaza juu ya lile lile.

"Huyu peke yake ndiye asiyeuza kitu hapa," mama akasema. Akamtoa kambare wake, akaomba aletewe jingine.

Siku hizi mtu akinisifia bidhaa yake, simbishii. Namuuliza tu: paka amesemaje?