Kijiti Nilichokichomoa Mtoni

Jamani, leo nimechomoa kijiti kimoja tu, na sasa naogopa kuutazama mto.

Mnanijua na riwaya zangu za mapenzi. Mwalimu mgeni anahamia kijijini, anafanya kituko, kijana mtanashati anacheka, mwisho harusi.

Basi na mimi mgeni hapa Garsen, wiki ya tatu. Nimekaa ukingoni mwa Tana nasoma, mbuzi akaja kula kitabu. (Kweli!) Nikachomoa kijiti kilichosimikwa topeni, nikamfukuza.

Akatokea Komora, jirani yangu mkulima. Mrefu, na lile tabasamu! Nikajitengeneza. Sasa atacheka.

Hakucheka.

"Mwalimu, hicho kijiti kilikuwa wapi?"

Kumbe ndicho wanachopimia maji. Mto ukikifikia, watu wanahama.

Sikukumbuka, na kwa aibu nikaonyesha popote tu. "Hapo."

Akakisimika. "Basi maji bado yako mbali." Akavuka na mtumbwi kwenda kuvuna mpunga wake.

Nimerudi sasa hivi kuchukua kitabu nilichokisahau.

Kinaelea.

Kijiti sikioni.

Na mtumbwi wa Komora bado uko ng'ambo.

Semeni kitu, jamani.