Chokaa Ndani ya Trei za Mjukuu Wangu

Ulikuwa mwaka ule viwavi walikula mahindi kabla yetu, na sisi watu wa Kitale, tuliozoea kulisha wengine, tukala muhogo asubuhi na viazi vitamu jioni. Ugali wa mahindi ulikuwa wa wageni. Jirani yangu mmoja alisonga unga wa muhogo amefunga mlango, ati asionekane. Mimi wangu nilisonga nje. Sikuwa nimeiba.

Mwaka huo ndio mjukuu wangu aliachana na mahindi. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alikufa mtoto akiwa hajaota meno. Mama yake akaolewa kwingine. Ni mimi nilimlea, nikamlisha, nikamchapa, nikampeleka shule ambayo mimi mwenyewe niliiacha mapema sana. Akawa mrefu mpaka akawa anainama kuingia jikoni kwangu. Nasema hivyo nikijivuna, na nitajivuna mpaka nife.

Alijenga kibanda cha neti nyuma ya nyumba, akaanza kuotesha miche ya kabeji, nyanya na pilipili hoho ya kuuza. Hakutumia udongo. Alileta robota la pitimosi, kitu cheusi chepesi kinachotoka ng'ambo, kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Ukililoweka linafura, unajaza karai baada ya karai. Nilichukua kidogo mkononi nikanusa. Haikunuka mvua wala samadi.

"Hii ni takataka gani?"

"Kukhu, hii haina kitu," akasema. Kukhu ndiyo bibi, mama wa baba, kwa lugha yetu. "Haina chakula, haina wadudu, haina magugu. Mche utakula tu kile wewe umeupatia."

"Kama mtoto wa hospitali."

"Sawa, kama mtoto wa hospitali. Na ukisahau kumlisha, hana jirani wa kumwomba."

Alinifundisha kuchanganya mbolea ya maji, nyepesi kabisa wakati mche una majani mawili, kisha unaongeza kidogo kidogo. Alikuwa na kipimo kama kalamu, ukikichovya kinaonyesha namba ya uchachu. Pitimosi yenyewe imechacha sana, akasema, kwa hivyo kule inakofungwa hutiwa chokaa kiasi ili itulie. Namba ikikaa katikati ya tano na nusu na sita na kidogo, mche unakula. Ikishuka sana, chakula kingine kinageuka sumu. Ikipanda mpaka saba, chakula kiko mezani lakini mdomo umefungwa. Na maji ya kisima chetu yana chokaa yake, kwa hivyo kila siku yanaivuta ile namba juu. Yeye aliyatia asidi, kifuniko cha chupa kwa ndoo, ndipo akamwagilia.

Siku ya kwanza nilichovya ile kalamu kwenye ndoo. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kukhu, hapo umepima ndoo. Mwagilia trei, kinga yale yanayodondoka chini, upime hayo. Usiulize umempa nini. Uliza kimetoka nini."

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja kwa nguvu. Asubuhi moja alifunga makreti ya miche ya kabeji kwenye pikipiki, apeleke kwa mteja Naitiri. Ilikuwa imenyesha mlimani. Nilimwambia angoje. Akasema miche ikikaa sana kwenye trei mizizi inajizungusha, na mteja ataletewa kitu kizee. Akaenda. Mto Nzoia ulikuwa umepanda juu ya daraja. Pikipiki ilikutwa imenasa kwenye matete, na kreti moja bado imefungwa kwa mpira, miche imesimama wima. Yeye hakuonekana. Vijana walipiga mbizi, wengine wakatembea kando ya maji mbali sana kule chini wakiuliza. Hata kiatu hakikupatikana.

Kibandani alikuwa ameacha trei za nyanya alizozipanda kwa mkono wake wiki hiyo. Zilikuwa zinaanza kuchungulia. Mke wake, binti mpole ambaye alikuwa hajapata mtoto bado, alikuwa halali na halii. Nilimwambia aamke tumwagilie. Tukapima, tukakinga, tukalisha. Hatukuambiana kwa nini. Mimi nilijua tu kwamba mtu akirudi nyumbani lazima akute miche yake hai.

Mto uliposhuka, shemeji yangu akaja. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, na ndiye mkubwa wa ukoo wetu kule Lugulu, upande wa Bungoma. Alibeba mfuko wa chokaa ya shamba. Kila mkulima wa huku ameambiwa mpaka masikio yamechoka kwamba mbolea ya mahindi imechachusha mashamba, na dawa yake ni chokaa. Shamba lake mwenyewe chokaa ililiponya. Basi alipoiona miche midogo, myembamba, akaihurumia. Mimi nilikuwa jikoni nampikia chai. Niliporudi trei zote zilikuwa nyeupe, naye anapangusa mikono kwenye suruali.

"Mulamwa, nimewatibia udongo," akasema. Mulamwa ndivyo mashemeji tunavyoitana.

"Hakuna udongo hapo."

"Si umechacha, bana. Huku kote umechacha."

"Nimesema hakuna udongo hapo."

"Sasa hii ni nini?"

Nilianza kukwangua kwa kijiko. Hakuwa na ubaya. Angekuwa na ubaya ningejua la kumfanya.

Chai alikunywa nusu. Kisha akatoa neno lililomleta. Kwetu, mtu akipotea na mwili wake usipatikane, ukoo hukata mgomba, huufunga sanda, huuzika mahali pake. Kisha wafiwa hunyolewa nywele, matanga yanaisha, na mke anakuwa huru.

"Tumetafuta mpaka mwisho, mulamwa. Tumalize."

"Nyinyi mmemaliza kutafuta. Mimi sijamaliza."

"Na huyu binti?"

Binti alikuwa mlangoni. Aliangalia miguu yake.

Chokaa tuliikwangua ya juu, lakini nyingine ilikuwa imeshateremka. Nilimwagilia, nikakinga, nikapima. Saba na zaidi. Majani mapya yakatoka ya njano, mishipa tu ndiyo ilibaki kijani, kama mkono wa mgonjwa. Chakula kilikuwa mle ndani. Nilikitia mimi mwenyewe. Nikaweka ile asidi ya mjukuu wangu kwenye maji, nikamwagilia mpaka yakabubujika chini. Asubuhi namba ikashuka, jioni ikapanda, maana chokaa ilikuwa imelala humo inayeyuka polepole. Nikataka kuongeza mbolea. Binti akanishika mkono.

"Kukhu, ukizidisha utaunguza mizizi. Alisema hivyo."

"Alisema."

Tukabaki tunaangalia. Ni kitu kibaya kuangalia kiumbe kinakufa njaa na sahani imejaa.

Siku tulipomwaga trei ya mwisho, binti alikaa chini kwenye ile pitimosi iliyomwagika. Akaichota, akaiacha ipite vidoleni.

"Kukhu, nimechoka kungoja."

"Kungoja nini?"

"Si unajua. Watu wananiuliza mimi ni nani. Mke sina mume. Mjane sina kaburi. Nikienda kwetu mama ananiuliza nimekuja kama nani. Nimwambie nini?"

Nimewajibu wengi mdomo wangu ukiwa mkali. Huyo nilimpangusa ile nyeusi mikononi kwa leso yangu, nikamwambia aende akazike, sitamkasirikia.

Nilienda naye Lugulu, kwa sababu sikutaka aende peke yake. Tulikuta kaburi limechimbwa kando ya baba yake, yaani mwanangu. Mgomba ulikuwa umelazwa kwenye mkeka, umefungwa shuka nyeupe, na mtu alikuwa ameupima urefu wake ukawa sawasawa. Mrefu.

Shemeji akanijia polepole. "Mulamwa, shimo likichimbwa haliwezi kulala bila kitu. Unajua."

"Basi zikeni."

"Wewe ndiye ulimlea. Udongo wa kwanza ni wako. Tunakungoja wewe."

"Mimi siziki mgomba. Mjukuu wangu si mgomba."

Mama mmoja wa ukoo akasema nyuma yangu, makusudi nisikie, "Huyu kiburi chake kitatuletea balaa."

"Kiburi ni changu," nikamwambia. "Na balaa nimeshapata."

Nikaenda kukaa nyuma ya jiko, nimewapa mgongo. Wakaimba, wakaomba. Udongo ukiangukia sanduku unagonga. Ukiangukia mgomba haugongi, unaingia taratibu, kama umeangukia mtu. Nilisikia hivyo. Kisha nikasikia yule binti analia, kilio cha tumboni, cha kwanza tangu mto. Alilia kama aliyefunguliwa kamba. Nilifurahi kwa ajili yake, na moyo wangu ukapasuka hapo hapo, vyote viwili pamoja.

Siku ya kunyoa, watu wa nyumba walikaa kwenye viti uani, mmoja baada ya mwingine. Binti alitoka hapo na kichwa kidogo kama cha mtoto mchanga. Alikuja nilipokaa, akapiga magoti, akaniambia kaka yake amekuja kumchukua. Nikamshika kichwa kile kwa mikono yote miwili. Kilikuwa baridi. Nikamwambia akiolewa tena asinifiche, nitakuja na kuku. Akasema, "Kukhu, usiseme hivyo," lakini alikuwa anasikia.

Alipokwisha kwenda, shemeji akaja na beseni na wembe mpya bado uko kwenye karatasi. Yeye mwenyewe alikuwa amenyolewa. Macho yalikuwa mekundu. Alimpenda yule mtoto, sitasema uongo.

"Mulamwa, umebaki wewe peke yako. Nikunyoe tumalize."

"Niache na nywele zangu."

"Unafikiri atarudi?"

"Sijui."

"Mto umemchukua, mulamwa."

"Mto nimeuona. Sijasema atarudi."

"Kama hujui, si ukae tu hapa. Ni nywele."

Akaweka beseni karibu na miguu yangu, maji yakacheza. Watu wote uani wakageuka kutuangalia. Akafungua ile karatasi ya wembe.

Nikasimama. Kunyolewa kungekuwa kutia ule udongo wa kwanza niliokataa.

"Mimi siziki mgomba. Mjukuu wangu si mgomba."