Mawaridi Yasiyotaka Maji

Nilisikia kabla sijaona: tap, tap, tap, kama mtu anapukuchua maharage mabichi na kuyadondosha kwenye sinia, na sauti ilitoka chumba cha wanawake, nami nimekaa nje chini ya turubai la harusi na wanaume wenzangu, sahani ya pilau mapajani. Aibu yangu yote ilikuwa ndani ya sauti ile. Naisimulia mwenyewe kwa sababu nusu ya Ujiji wanaisimulia tayari, na wanaikosea.

Mimi nakuza mimea midogo yenye majani manene yaliyojaa maji, yamejipanga duara ndani ya duara mpaka mmea mzima unaonekana kama waridi lililochongwa kwa nta. Naipanda nyumbani Katubuka, kwenye madumu ya mawese niliyoyakata, na kazi yenyewe karibu yote ni kujizuia: kokoto nyingi, jua la asubuhi, maji kidogo sana, maana ukiihurumia inaoza. Jina lake kwa Kiswahili silijui. Kwa hiyo Mama Zuhura aliponiuliza nalima nini (nilikuwa nimekwenda kujionyesha, maana nilitaka kutuma mshenga aniposee Zuhura), nilijibu kwa kifupi, "Mawaridi, mama."

Neno moja tu. Zuhura akamwonyesha picha kwenye simu, zimepigwa kutoka juu, kingo za majani zimegeuka nyekundu kwa jua, na mama akaridhika, akasema harusi ya dada yake Zuhura inakaribia, basi nilete mawaridi. Mimi nikaelewa ni ya kupamba meza. (Mtu aliyependa haulizi maswali, anabeba.) Nikapakia yaliyo mazuri yote kwenye beseni, nikapanda bajaji nimeyakumbatia kama mtoto mgonjwa anayepelekwa zahanati, nikayakabidhi mlangoni, nikaenda kukaa na wanaume.

Sasa ile tap, tap. Naijua, ndiyo sauti ya jani langu likikwanyuliwa. Nikaweka sahani chini, nikaenda mpaka kwenye pazia, zaidi ya hapo mwanaume hapiti, nikabisha hodi, akatoka shangazi mmoja mwenye hina mpaka kwenye viwiko, akaniambia nisiwe na wasiwasi, wanachambua maua yangu ya kumrushia bibi harusi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikasema, "Sawa, shangazi," nikarudi kwenye pilau, ambayo ilikuwa bado ya moto, nikaimaliza.

Bibi harusi akatoka, vigelegele vikapanda, mikono ikarusha. Petali huelea. Majani yangu hayaelei. Yalishuka kama mvua ya mawe, moja likampata mpiga picha jichoni, mengine yakatulia kwenye vigae vya baraza yakisubiri, na bibi harusi akayakanyaga, yakapasuka, mguu wake ukatangulia bila yeye. Alidakwa na shangazi wa hina. Gauni halikudakwa, lilipata mstari wa kijani kutoka gotini hadi kwenye pindo.

Vigelegele vikakatika. Mama Zuhura akaokota jani, akaliminya, likatoa ute.

"Baba," akaniita mbele ya watu wote, "hili ni waridi au bamia?"

Nilitamani ziwa lipande mpaka pale barazani linichukue. Nikaapa palepale kwamba nikiulizwa tena nalima nini nitaeleza mmea mzima, jani kwa jani, hata kama aliyeuliza ameshapanda bajaji na kuondoka.

Wageni walipotawanyika nilibaki nikifagia, nikaanza kuokota majani yaliyosalimika, moja moja, na kuyarudisha kwenye beseni. Mama Zuhura alikuwa amenisimamia. Akauliza kama nakwenda kuyapika. Nikamweleza kwamba jani kama lile ukililaza juu ya udongo mkavu ukaliacha, litatoa mizizi lenyewe, na pembeni yake kitachomoza kiwaridi kidogo kama ukucha wa mtoto.

"Bila kulimwagilia?"

"Ukilimwagilia mapema linaoza, mama."

Kisha akanisindikiza hadi mlangoni, na nilipokwisha kuvaa viatu akasema kwa sauti ya chini, "Basi huyo mshenga wako asije kwanza. Na wewe nikuache mkavu hivyo hivyo, tuone kama utaota."

Nikashukuru, sijui kwa lipi, nikatoka na beseni langu, na nyuma yangu mlango ukafungwa, taratibu, kama anayeufunga hakutaka kuvunja kitu.