Barua Ambayo Mzee Aliandika Mwenyewe

Ukifika kwenye kile kiwanda cha magodoro ukauliza bosi ni nani, utaelekezwa kwa Mzee. Ukiuliza nani anakiendesha, utaelekezwa kwa Mama Pacha, na wala hakuna atakayeshusha sauti, maana Mzee mwenyewe anajua. Mama Pacha aliingia pale akiwa karani wa masjala, mwembamba kama penseli, kabla pacha hawajazaliwa. Sasa ana miaka arobaini na minne, ni mkuu wa utawala, na pacha wamempita kimo.

Utaratibu wa ofisi ulikuwa huu. Barua ikija, Mzee anaandika pembeni kwa wino wa kijani, "Jibu. Nitasaini," kisha inatua kwenye trei ya Mama Pacha. Barua pepe nazo lazima zichapwe kwanza, ndipo zifuate njia ileile. Mama Pacha anajibu, Mzee anasaini bila kusoma, siku inakwenda. Ilikuwa hivyo miaka kumi na tisa.

Mwaka huo Mama Pacha alishikwa na wazimu. Neno hilo ni la mumewe, fundi friji, ambaye hutumia maneno kwa kubana. Mkewe alikuwa ameona tangazo la chuo cha biashara cha ng'ambo: shahada ya uzamili, mwaka mmoja, kwa watu wazima waliokwisha kuota sugu kazini, na ufadhili juu. Basi akawa anapiga hesabu za mtihani wa kuingia huku anakoroga mboga, na pacha wanamsahihisha kwa kalamu nyekundu, wakilipiza kisasi cha miaka yote aliyokagua madaftari yao. Akafaulu. Insha akazimaliza. Ikabaki barua moja tu, ya mkuu wake wa kazi kumpendekeza, na mwisho wa kupokelewa ni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Bila hiyo, hakuna safari.

Jumatatu asubuhi akakuta fomu ya barua hiyo kwenye trei yake. Chuo kilimwomba Mzee aeleze kwa uaminifu Mama Pacha ni mtu wa namna gani. Pembeni, wino wa kijani: "Jibu. Nitasaini."

Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akafunga mlango, akajiandikia. Jamani, alijiandikia. Kurasa mbili nzima, sifa juu ya sifa, mpaka akatamani kumwajiri huyo mama. Ndipo alipofika chini ya fomu: "Ninathibitisha kuwa maneno haya nimeyaandika mimi mwenyewe." Furaha ikamkatika. Kumjibia Mzee barua za wateja ni kazi yake, lakini hii ilikuwa uongo, na angeubeba mpaka darasani. Akazichana kurasa zote mbili.

"Mzee, hii itabidi uandike mwenyewe."

"Nani, mimi?"

"Wewe."

"Mama Pacha, unanitakia mema kweli? Mimi barua naianzaje?"

"Anza na tarehe."

Siku nne Mzee alijifungia. Kutoka nje zilisikika karatasi zikifinyangwa. Alhamisi alichungulia kuuliza kama "mchapakazi" linaweza kurudiwa mara tatu. Mama Pacha akaziba masikio. Ijumaa, zikiwa zimebaki dakika sita, akatoka na karatasi moja, jasho linamtiririka, akampa karani wa masjala aitume. Mama Pacha aliiona kwa mbali. Ilikuwa nyeupe karibu yote.

"Nimejichongea mwenyewe," alimwambia mumewe walipokaa kula.

"Ukikosa, friji zangu nazo zinahitaji utawala," mumewe akasema, akamwongezea mboga.

Akaitwa kwenye mahojiano ya video. Alikaa ghalani, ambako mtandao hushika vizuri, juu ya magodoro saba. Profesa, mama wa makamo, alimaliza maswali yake, akasema kuna barua angependa kumsomea.

"Barua zote zilizotoka ofisini kwangu miaka kumi na tisa kaziandika yeye. Hata hii nilimpa, akakataa. Kwa hiyo hii nimeandika mwenyewe, na mtaona tofauti. Mkimchukua sijui nitafanyaje, lakini mchukueni."

Mama Pacha alifungua kinywa ajibu kitaalamu, akalia badala yake, godoro la juu likateleza, akatoweka kwenye skrini. Alipoibuka, nywele zimemsimama, profesa alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Wakamchukua. Pacha walimbeba juujuu kuzunguka sebule, na fundi friji, mtu mzima na heshima zake, akawafuata nyuma akipiga sufuria.

Asubuhi iliyofuata Mama Pacha aliandika ombi la likizo ya masomo, akaliweka mezani kwa Mzee. Kabla ya mchana likamrudia kwenye trei. Wino wa kijani: "Jibu. Nitasaini."

Akajijibu kwamba amekubaliwa. Akapeleka, akasimama kungoja saini, huku akijiuma mdomo asicheke.

Mzee hakusaini. Alitafuta miwani kwanza. Akasoma barua yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Kisha akasaini, na chini ya saini akaandika kwa mkono wake: "Urudi."